Jozi 15 zimekubali, mbona alama zimekatwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Kwenye jaribio tuliambiwa tuthibitishe kwamba ukichukua namba witiri mbili zinazofuatana, tofauti ya miraba yake hugawanyika kwa 8 bila baki. Nilijaribu jozi 15, kuanzia 1 na 3 hadi 29 na 31, na zote zilikubali. Nimepewa alama 1 kati ya 4, na mwalimu ameandika pembeni: "Hii ni mifano, si uthibitisho." Lakini mwalimu huyohuyo, tulipokuwa kwenye mfuatano wa namba, alituambia tutazame mifano ndipo tupate kanuni. Sasa tushike lipi? Na nitajuaje swali linataka nini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mwalimu wako hajajipinga. Ila maneno matano ya pembeni mwa karatasi hayawezi kubeba maelezo yote, kwa hiyo ngoja niyamalizie mimi.

Ulichofanya si kazi bure. Ulipata 9 − 1 = 8, kisha 25 − 9 = 16, kisha 49 − 25 = 24, ukaendelea hadi 961 − 841 = 120, na kutokana na hayo ukaamini kwamba jambo hili ni kweli kwa namba witiri zote. Hiyo ni njia ya mifano: unaona mambo machache, unapanda hadi kwenye kanuni inayodai kuyahusu yote. Njia ya pili ni ya hoja. Unaanza na jambo linalojulikana kuwa kweli kwa namba zote, kisha unashuka hatua kwa hatua, kila hatua ikilazimishwa na ile iliyoitangulia. Mifano hukupa dai. Hoja ndiyo inayolitetea. Swali la jaribio lenu lilikuwa limeshawapa dai, likabakiza utetezi tu, na wewe ukarudisha dai lilelile likiwa na mashahidi 15.

Najua unachotaka kuuliza: kama 15 hazitoshi, je 100? Je, elfu? Kabla sijajibu, chukua kalamu uchore duara.

Weka nukta 2 kwenye mzingo wake, uziunganishe kwa mstari ulionyooka. Duara limegawanyika vipande 2. Weka nukta 3, uunganishe kila moja na nyingine zote: vipande 4. Nukta 4: vipande 8. Nukta 5: hesabu polepole, utapata 16. Na ukianza na nukta 1 tu, hakuna mstari wowote, duara ni kipande 1. Mfuatano wetu basi ni 1, 2, 4, 8, 16. Mtu yeyote darasani atanyoosha mkono kusema nukta 6 zitatoa vipande 32.

Zinatoa 31.

Hesabu tena ukitaka, watu wengi hufanya hivyo mara mbili tatu wakidhani wameruka kipande. Angalizo moja: usizipange nukta zako 6 kwa umbali sawa kabisa, kwa sababu mistari mitatu ya katikati itapita mahali pamoja, kipande kidogo cha katikati kitamezwa, na utapata 30. Ziweke ovyoovyo, ili mistari mitatu isikutane kwenye nukta moja.

Kwa nini 31? Hapa mifano haina jibu, hata ungechora duara hadi daftari liishe. Inabidi tuulize kipande kipya huzaliwa vipi. Duara tupu ni kipande 1. Unapochora mstari mpya unaoikata mistari mingine, tuseme mitatu, mstari huo unakatwa kuwa mapande manne, na kila pande linapasua kipande kimoja cha duara kuwa viwili. Kwa hiyo umeongeza vipande vinne: kimoja kwa ajili ya mstari wenyewe, vitatu kwa ajili ya makutano yake matatu. Ni hivyo kwa kila mstari. Basi idadi ya vipande ni 1, jumlisha idadi ya mistari, jumlisha idadi ya makutano ya ndani ya duara.

Sasa tuhesabu kwa nukta 6. Kila nukta inaungana na nyingine 5, hiyo ni 30, lakini kila mstari tumeuhesabu mara mbili, kwa kuwa una ncha mbili. Mistari ni 15. Makutano je? Ili mistari miwili ikutane ndani ya duara unahitaji nukta 4: zinaunda pembenne, na mistari miwili ya ulalo wa pembenne hiyo hukutana mara moja tu. Kwa hiyo makutano ni sawa na idadi ya njia za kuchagua nukta 4 kati ya 6. Kuchagua 4 za kuchukua ni sawa na kuchagua 2 za kuacha, na jozi za nukta tumeshazihesabu: ni 15. Jumla: 1 + 15 + 15 = 31.

Jaribu hesabu hiyohiyo kwa nukta 5: 1 + 10 + 5 = 16. Kwa nukta 4: 1 + 6 + 1 = 8. Kumbe 1, 2, 4, 8, 16 hazikuwahi kuwa suala la kuzidisha kwa mbili. Zilifanana nalo tu zikiwa ndogo. Nukta 7 zinatoa 57, nukta 8 zinatoa 99, nukta 9 zinatoa 163. Halafu nukta 10 zinatoa 1 + 45 + 210 = 256, ambayo ni namba ileile hasa uliyoitarajia kama ungeendelea kuzidisha kwa mbili! Mtu mwenye haraka, aliyejaribu tano za mwanzo kisha akarukia 10 "kuhakikisha", angeapa kwamba kanuni yake ni sahihi.

Usifikiri ni sisi wa darasani tu tunaoangukia humo. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, alitazama 2 + 1, 4 + 1, 16 + 1, 256 + 1 na 65,536 + 1. Kila mara unapandisha namba ya kwanza kwa kuizidisha yenyewe kwa yenyewe, halafu unaongeza moja. Majibu ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na yote ni namba tasa. Aliamini kwamba yote yanayofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita, 4,294,967,297, ni 641 mara 6,700,417. Fermat hakuwa mtu wa mchezo, ila mifano mitano ilimtosha kuamini, na imani yake ilikuwa na kosa.

Kwa upande mwingine kuna dai ambalo mwanahisabati Christian Goldbach alilijadili na Euler huyohuyo kwa barua mwaka 1742. Siku hizi tunalisema hivi: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 + 5, 20 ni 7 + 13, na kadhalika. Kompyuta zimelikagua hadi kwenye 4 inayofuatwa na sifuri 18, bila kupata hata namba moja inayokataa. Wanahisabati bado wanaliita dhana, yaani dai ambalo halijathibitishwa. Kwa hiyo si kwamba mwalimu wako ana roho ngumu. Jozi elfu zisingekupa alama zaidi ya jozi 15, wala bilioni.

Sasa turudi kwenye jozi zako, maana zilikuwa zinakuambia kitu ambacho hukukisikiliza. Ulikuwa unakagua kama jibu linagawanyika kwa 8, unaweka alama ya vema, unahamia jozi inayofuata. Yatazame majibu yenyewe: 8, 16, 24, 32, 40. Yanafuatana kama jedwali la nane! Halafu tazama namba inayokaa katikati ya kila jozi. Kati ya 1 na 3 kuna 2, na jibu ni 8. Kati ya 3 na 5 kuna 4, jibu 16. Kati ya 29 na 31 kuna 30, jibu 120. Kila mara jibu ni namba ya katikati mara 4. Ungegundua hilo kwa jozi tatu tu, na lingekupa ufunguo: andika kila kitu kwa kutumia namba ya katikati.

Namba ya katikati ya witiri mbili zinazofuatana ni shufwa, kwa hiyo iite 2n, ambapo n ni namba nzima yoyote. Witiri zako ni 2n − 1 na 2n + 1. Mraba wa kubwa ni 4n² + 4n + 1. Mraba wa ndogo ni 4n² − 4n + 1. Ukitoa, 4n² zinaondoka, moja zinaondoka, zinabaki 4n + 4n = 8n. Na 8n inagawanyika kwa 8. Basi, umemaliza, alama 4.

Ona tofauti ya kazi. Jozi 15 zilikula nafasi na muda wa jaribio. Mistari mitatu ya aljebra imezungumzia jozi zote ambazo wewe na mimi hatutaishi kuzijaribu. Siri ni hiyo n: hatukuichagua, hatukusema ni 7 au 15, hatukutumia sifa yoyote yake isipokuwa kwamba ni namba nzima. Ndiyo maana hoja inaifaa kila namba. Wapo wanafunzi wanaoanza vizuri, wanaandika 2n + 1, halafu katikati wanasema "chukua n = 5" na kuendelea na tarakimu. Hapo wamerudi kwenye mifano bila kujua, na msahihishaji ataliona.

Kuhusu mfuatano wa namba, mwalimu wako aliwaelekeza kwenye mifano kwa sababu pale dai halijulikani. Lazima mtu alitafute. Chukua 1, kisha 1 + 3, kisha 1 + 3 + 5, kisha 1 + 3 + 5 + 7. Unapata 1, 4, 9, 16. Dai linajitokeza lenyewe: jumla ya witiri n za kwanza ni n². Bila mifano ungelipata wapi? Ila hata hapa kuna namna ya kutazama inayokwenda mbali zaidi ya kukodolea tarakimu. Panga vizibo 9 vya soda kama mraba wa 3 kwa 3. Ili uwe wa 4 kwa 4 unaongeza safu upande wa kulia vizibo 3, safu ya chini vizibo 3, na kizibo 1 cha kona: 7. Kutoka 4 kwenda 5 unaongeza 4 na 4 na 1, yaani 9. Kutoka n kwenda n + 1 unaongeza n na n na 1, yaani 2n + 1, ambayo ndiyo witiri inayofuata. Hukuona tu kwamba inakubali, umeona ni lazima ikubali. Mfano mmoja uliotazamwa hivi umekaribia kuwa uthibitisho, kwa sababu hakuna chochote ndani yake kinachotegemea kwamba vizibo vilikuwa 9.

Nisiseme uongo, maswali ya "andika namba inayofuata" yananikera kidogo yanapotolewa bila kueleza namba zilitoka wapi. Umeshaona kwamba baada ya 1, 2, 4, 8, 16 inaweza kuja 32 au 31, kutegemea unazidisha au unakata duara. Kwenye mtihani mtunzi anataka kanuni rahisi kuliko zote, mpe hiyo upate alama zako. Lakini jua kwamba hapo unakisia alichonacho kichwani, huthibitishi kitu.

Ngoja tufanye swali moja kuanzia mwanzo, ili uone njia zote mbili zikifanya kazi pamoja. Zidisha namba nne zinazofuatana, ongeza 1. Kuna jambo gani?

1 × 2 × 3 × 4 + 1 = 25.
2 × 3 × 4 × 5 + 1 = 121.
3 × 4 × 5 × 6 + 1 = 361.
4 × 5 × 6 × 7 + 1 = 841.

Zote ni namba mraba: mraba wa 5, wa 11, wa 19, wa 29. Dai tunalo. Wengi hapo hurukia kufungua mabano, wanapata n⁴ + 6n³ + 11n² + 6n + 1, wanabaki wanaitazama kama ng'ombe aliyeona geti jipya. Usifungue bado. Iulize mifano: 5, 11, 19 na 29 zinatokana na nini? Tazama namba ya kwanza na ya mwisho za kila mstari. 1 × 4 = 4, ongeza 1 ni 5. 2 × 5 = 10, ongeza 1 ni 11. 3 × 6 = 18, ongeza 1 ni 19. 4 × 7 = 28, ongeza 1 ni 29. Kumbe kipeuo cha pili ni ya kwanza mara ya mwisho, ongeza moja.

Mifano imeshatuonyesha pa kushika: ya kwanza izidishwe na ya mwisho, na mbili za katikati zizidishwe moja kwa nyingine. Ya kwanza ni n na ya mwisho ni n + 3, zao lake ni n² + 3n. Za katikati ni n + 1 na n + 2, zao lake ni n² + 3n + 2. Zimepishana kwa 2 tu! Iite n² + 3n kwa jina fupi, m. Basi swali lote ni m × (m + 2) + 1, yaani m² + 2m + 1, na huo ni mraba wa m + 1. Umethibitisha kwa namba zote, na umejua pia ni mraba wa nini.

Je, hoja haikosei? Hukosea sana, hasa hatua moja ikiwa mbovu na nyingine zote nzuri. Pengine umewahi kuonyeshwa hii: tuseme a = b. Zidisha pande zote kwa a: a² = ab. Toa b² pande zote: a² − b² = ab − b². Weka kwenye mabano: (a − b)(a + b) = b(a − b). Gawanya kwa (a − b): a + b = b. Kwa kuwa a na b ni sawa, 2b = b, kwa hiyo 2 = 1. Ukitaka kujua palipooza, weka namba. Tuseme a na b zote ni 3. Mstari wa pili: 9 = 9, sawa. Wa tatu: 0 = 0, sawa. Wa nne: 0 × 6 = 3 × 0, sawa. Wa tano: 6 = 3. Uchafu umeingia kati ya mstari wa nne na wa tano, tulipogawanya kwa (a − b), ambayo ni sifuri. Hapa mfano mmoja umeifanyia hoja ukaguzi. Mimi hufanya hivyo kila ninapomaliza uthibitisho mrefu: naweka namba ndogo, nashuka nayo mstari kwa mstari.

Na kuna pahali mfano mmoja ndio hoja yenyewe, yaani unapotaka kulivunja dai. Mtu akikuambia n² + n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n, atakuwa na mifano 40 mfululizo ya kukutambia, kuanzia n = 0 hadi n = 39. Wewe mpe n = 40: 1,600 + 40 + 41 = 1,681, ambayo ni 41 × 41. Dai limekufa, na huna haja ya kuandika kitu kingine.

Sasa lile la mwisho, utajuaje swali linataka nini. Soma kitenzi. "Tafuta kanuni", "andika namba zinazofuata", "unagundua nini": anza na mifano, na jibu lako ni dai. "Thibitisha", "onyesha kwamba": hitaji ni hoja, na mifano ifanyie pembeni, kwenye karatasi ya kuhangaikia, kwa ajili ya kutafuta ufunguo. "Je, ni kweli kwamba": hapo ndipo penye mtego. Jaribu namba chache, na usisahau sifuri, moja, na namba hasi, kwa kuwa madai mengi hufia hapo. Ukipata moja inayokataa, iandike, umemaliza. Usipoipata baada ya tano sita, acha kujaribu, anza kuuliza kwa nini zinakubali.

Na kwa kuwa jaribio lenu limeshapita, nakuachia lililo jirani na lile. Chukua witiri mbili zozote, hata zisizofuatana, kama 3 na 11. Tofauti ya miraba ni 121 − 9 = 112, ambayo ni 8 × 14. Ni hivyo siku zote? Kidokezo: usihangaike na tofauti kwanza. Chukua mraba wa witiri moja moja, ugawanye kwa 8, utazame baki.